Vita, Utenzi na Kijana Aliyefia Baharini

Kijana aliyefia baharini ni mtihani mgumu kwa mtunzi wa utenzi wa vita. Askari aliyeanguka katika uwanja wa mapambano, mtunzi humkuta amesimama, silaha i mkononi, adui yu mbele yake. Maneno ya kumsifu yamekwisha kuwa tayari tangu zama za mababu. Lakini yule aliyezama pamoja na meli yake hakumwona adui, hakufyatua risasi, wala hakuacha kaburi la kuwekewa jiwe. Mtunzi atamwimbaje? Akimwita shujaa, atakuwa amesema neno ambalo hakulipima. Akinyamaza, atakuwa amemzamisha mara ya pili.

Katika makala haya tunakusudia kulichungua swali hilo kwa faida ya walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Mifano yetu tutaitoa katika vita kuu mbili za karne ya 20 kama zilivyofika katika nchi yetu na katika bahari yetu. Nasi tutapenda msomaji aitazame mifano hiyo akiwa amesimama Magamba, katika milima ya Usambara, jirani na mji wa Lushoto. Huko kilele kinafikia mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, msitu ni mzito, na ukungu hushuka hata adhuhuri. Mtu wa huko angeweza kusema kwamba mambo ya manowari na mabaharia hayamhusu. La hasha, yamemhusu, na tutaona kwa njia gani.

Tuanze na mwaka 1914. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba, manowari ya Kiingereza iitwayo Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mashine zake zikitengenezwa. Ilikuwa meli kuukuu, iliyoshushwa majini mwaka 1897. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha katika maingilio ya mto Rufiji, ilitokea ghafula ikaanza kuipiga. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali kuliko ile ya Pegasus, hata ikawa mabaharia wa Kiingereza wanapigwa wala wao hawawezi kumfikia anayewapiga. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji wa Unguja, ambacho kwa sababu ya makaburi hayo watu wengi hukiita kisiwa cha makaburi.

Königsberg ilirudi Rufiji, ikazingirwa humo kwa miezi mingi, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia. Hata hivyo mizinga yake 10 haikuangamia. Iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, ikawekewa magurudumu, kisha ikatawanywa huku na huku katika nchi kavu. Mabaharia waliosalimika nao waliacha bahari wakawa askari wa miguu. Hivyo vita vya manowari vilipanda bara. Mzinga uliotengenezwa ukae juu ya maji sasa ulikuwa ukikokotwa porini, na waliokokota, waliobeba makombora, na waliobeba unga wa kuwalisha wapiganaji, walikuwa wana wa nchi hii.

Usambara haikusalimika. Lushoto wakati ule Wajerumani waliiita Wilhelmstal, na reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi ilipita chini ya milima, Mombo ikiwa ndiyo stesheni ya kushukia. Novemba 1914 majeshi ya Waingereza na Wahindi yalishindwa Tanga. Juni 1916 Waingereza walikuja kwa njia ya kaskazini, wakaishika reli na milima pia. Kwa hiyo kijana mmoja wa Usambara aliweza kubebeshwa mzigo na Mjerumani mwaka 1915, na mdogo wake akabebeshwa mzigo na Mwingereza mwaka 1916. Nchi ile ile, nyumba ile ile, mabwana wawili. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo kwa maradhi, njaa na uchovu ni wa kuhesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Wasambaa wana maneno mawili ambayo mwanafunzi wa fasihi yafaa ayajue: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi ipone. Maneno hayo hayasemi nani ameshinda. Yanauliza kama mvua inanyesha, kama chakula kipo, kama watu wanakaa kwa amani. Kwa kipimo hicho, vita vya 1914 hadi 1918 havikuwa na mshindi katika milima ile. Vilikuwa kubana shi, basi.

Sasa tutazame namna vita hivyo vilivyoandikwa kwa ajili ya ukumbusho. Katikati ya Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, imesimama sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Mahali hapo zamani palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Askari huyu wa shaba ameinama kidogo mbele, bunduki yake ina singe, na ncha ya singe inaelekea bandarini. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, ambayo asili yake yalitungwa na mshairi wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Maandishi hayo yanawakumbuka askari wa Kiafrika, yanawakumbuka wapagazi waliokuwa mikono na miguu ya jeshi, na mwishoni yanampa msomaji ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Haya ni maneno mazuri kwa sikio, na wanafunzi wetu huyasoma kwa heshima. Lakini kazi ya mhakiki ni kuyauliza maneno mazuri maswali mawili matatu. Kwanza, nchi yake ni ipi? Mpagazi wa Usambara hakuulizwa. Nchi ilikuwa yake kwa kuzaliwa, lakini vita havikuwa vyake kwa kuchagua. Pili, jina liko wapi? Sanamu inayoahidi kwamba jina litakumbukwa haina hata jina moja la aliyekufa. Imewaachia watoto wa marehemu kazi ya kukumbuka, huku waliowapeleka baba zao vitani, wenye orodha na makarani, wakiwa hawakuandika majina hayo juu ya jiwe.

Wala hili si neno la chuki. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kwamba wafu wapatao 45,000 hadi 54,000 wa vita ya kwanza, wa Afrika na Asia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao wa Ulaya. Ikakiri tena kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri. Basi tukisimama Chapwani na kuwaona mabaharia wa Pegasus wamelala katika makaburi yaliyotunzwa, hatuwaonei kijicho, maana nao walikuwa watoto wa watu. Tunachosema ni kwamba mauti ni yale yale, bali kalamu iliyoandika ilikuwa na upendeleo.

Msomaji ataona pia kwamba chuma kimetunzwa vizuri kuliko watu. Katika Ngome ya Yesu kule Mombasa mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg imewekwa wageni waitazame, maadui wawili wa jana. Mizinga inajulikana kipimo chake na historia yake. Waliokokota mzinga hawajulikani.

Sasa tuje kwenye vita vya pili, maana humo ndimo swali letu linapokuwa zito zaidi. Mapema Februari 1944 meli ya abiria iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa katika msafara wa meli za jeshi, ikaelekea Colombo. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, wakienda kujiunga na vita vya kumpinga Mjapani huko Burma. Walikuwamo pia wanamaji wa Kiingereza zaidi ya 200 waliokuwa wakienda kwenye vituo vyao, na wauguzi wa kike. Siku ya Jumamosi tarehe 12 Februari, mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani yenye alama I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Walikufa watu 1,297, na kati yao wanawake 77.

Dakika mbili. Mwalimu na awaambie wanafunzi wake watulie darasani kwa dakika mbili, wataelewa kuliko kwa maelezo yetu. Waliokuwa chini ya sitaha hawakupata hata kupanda ngazi. Wapiga mizinga wale walikuwa wamefundishwa kulenga na kufyatua, lakini siku ya kufa kwao hawakuwa na mzinga wa kulenga wala adui wa kumwona.

Kisha likatokea jambo ambalo mtunzi yeyote wa misiba angelisita mbele yake. Manowari za kulinda msafara, Petard na Paladin, zilijua kwamba nyambizi bado ipo, tena imejificha chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea watu waliookoka. Kuiacha ni kuziacha meli nyingine zipigwe. Kuipiga ni kuwapiga na walioko majini. Petard ilipita katikati yao ikatupa mabomu ya kulipukia chini ya maji. Baadhi ya waliokuwa wamenusurika na topido walikufa kwa mabomu ya wenzao. Nyambizi ililazimika kuibuka, ikapigwa hata ikazama. Mwishoni waliookolewa walikuwa wanaume 208 na wanawake 6.

Ndugu msomaji, hapo ndipo tunapoutaka utenzi wetu wa vita useme, nasi tunaona unashikwa na kigugumizi. Sababu yake tuichungue kwa utulivu.

Utenzi wa vita ni utanzu wa kale katika Kiswahili. Utenzi wa Herekali, alioutunga Mwengo bin Athumani wa Pate mwaka 1728, unatupa mfano wa umbo ambalo tenzi nyingi ziliufuata. Jeshi mbili hukabiliana. Kutoka safu moja huchomoza mtu, akajitaja jina lake na nasaba yake, akamwita mwenzake wa upande wa pili. Kisha hupigana, na mtunzi akasimulia pigo kwa pigo. Tuliangalie vizuri jambo hili, maana lina siri ya utanzu mzima. Katika utenzi wa kale jina hutajwa kwa sababu mtu amejitokeza. Anayejitokeza hupata jina, na aliyebaki katika safu hupata hesabu tu: walikuwa elfu kadha, wakafa mia kadha.

Umbo hilo lilihamia katika vita vya nchi yetu. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa pwani ya Tanga, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi walipokuja kuitamalaki Mrima, vita vya akina Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Alikuwa shahidi wa zama zile, na kazi yake ni johari kwa sababu inatupa upande wetu wa mambo wakati vitabu vingi vilitupa upande wa mgeni tu. Humo manowari zimo, mizinga imo, na wakuu wamo. Hatumlaumu mtunzi kwa hilo. Wakati wake ulimtaka ashuhudie nchi ilivyochukuliwa, naye akashuhudia.

Baadaye akaja Shaaban Robert, naye ni mwana wa Tanga, akaandika Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vya 1939 hadi 1945. Ni kazi kubwa yenye beti zipatazo 3,000. Mtunzi hakwenda vitani. Alikuwa mtumishi wa serikali hapa nyumbani, na mambo ya dunia yalimfikia kwa mbali, kama yalivyowafikia wasomi wengi wa siku zile. Alichokifanya ni jambo la ujasiri: aliupanua utenzi wa Kiswahili ukabeba dunia nzima. Lakini kila upanuzi una gharama. Katika utenzi wa kale anayejitokeza kupambana ni mtu. Katika utenzi huu wanaokabiliana ni mataifa. Taifa hili linasimama, taifa lile linajibu, haki inapigana na dhuluma. Kwa kimo hicho cha juu, meli moja iliyozama karibu na Maldives ni tone katika bahari.

Basi tuna njia mbili za utenzi, nazo zote mbili zinampita kando kijana wetu. Ile ya kale inamtaka ajitokeze, naye hakupata nafasi ya kujitokeza. Ile mpya inamtazama kutoka juu sana, hata haonekani. Na neno linalotumika kuziba pengo hilo ni neno moja: shujaa.

Neno shujaa ni neno la heshima, nalo taifa letu linalihitaji. Tuna Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Kule Kaboya, katika mkoa wa Kagera, wamelala askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979, na kila mwananchi anayepita hapo hana budi kuinamisha kichwa. Hatupendi neno hilo lishuke thamani. Ndiyo sababu tunasema lisitumiwe kama blanketi la kumfunika mtu ambaye hatujataka kumjua. Kumwita marehemu shujaa ni rahisi, maana hakuna utafiti unaotakiwa. Kujua kwamba aliitwa nani, mtoto wa nani, aliacha shamba gani likiwa halijavunwa, hiyo ni kazi. Mara nyingi sisi watunzi tumekwepa kazi, tukachagua neno.

Tutoe mfano mdogo, ili wanafunzi waone tofauti kwa macho yao. Tumetunga beti mbili kwa ajili ya makala haya tu. Ubeti wa kwanza ni wa njia iliyozoeleka:

Shujaa alisimama
Mbele ya moto mzima
Hakurudi tena nyuma
Hata roho kumtoka.

Vina vimetimia, mizani ni nane nane, na ubeti unapendeza kuimbwa. Lakini ni juu ya nani? Unaweza kuupachika kwa askari yeyote wa vita vyovyote, hata kwa wa upande wa adui, na usiharibike. Tena ukiupachika kwa kijana wa Khedive Ismail unakuwa uongo, kwani hakusimama mbele ya moto wowote, wala hapakuwa na nyuma ya kurudi. Sasa ubeti wa pili:

Alikuwamo melini
Barua i mfukoni
Maji yakafika ndani
Jina lake twalitaka.

Ubeti huu hauna kishindo. Hauna panga wala baruti. Lakini unasema jambo lililo kweli kwa mauti ya namna ile: alikuwamo, na maji yakafika. Na kituo chake hakifungi habari, bali kinamdai msomaji kitu. Mwanafunzi makini atauliza: je, barua ile mtunzi ameiona? Hakuiona, ameibuni, na kubuni huko ni haki ya mtunzi, maana vijana waliokuwa mbali na kwao walibeba barua. Lakini jina hakulibuni, wala hana haki ya kulibuni. Jina ni mali ya wafiwa. Mtunzi akilitaka, na aende akaliulize.

Huo ndio mpaka tunaoupendekeza katika utunzi wa misiba ya kweli: vitu vidogo vyaweza kubuniwa ili moyo uguswe, bali jina, ukoo na kifo chenyewe havibuniwi. Mtunzi anayebuni jina la mfu wa vita anamnyang'anya mfu wa kweli nafasi yake.

Watasema baadhi ya wasomaji: utenzi bila ushujaa utasimama juu ya nini? Tunajibu kwamba fasihi yetu imekwisha kujibu, ila hatukuangalia mahali palipo na jibu. Shaaban Robert mwenyewe, yule yule wa utenzi wa beti 3,000, ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Humo hakuanza na mataifa. Alimwandika mwanamke wa Fumba, wa nyumba ya wafinyanzi, aliyekuwa akiuza vyungu kabla sauti yake haijajulikana. Jina lake, kwao, na kazi ya mikono yake ndivyo vilivyompa kitabu. Ikiwa vyungu viliweza kuwa mlango wa kuingilia katika maisha ya Siti, kwa nini jembe, shoka la kupasulia mbao, au kikapu cha mahindi visiwe mlango wa kuingilia katika maisha ya kijana wa Magamba?

Na Usambara ina kitabu chake cha zamani zaidi, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Hicho ni kitabu cha wafalme, lakini angalia jinsi mfalme wa kwanza anavyoingia. Mbega haingii akiwa na taji. Anaingia akiwa mwindaji wa nguruwe, mtu mwenye mbwa na nyama, naye watu wanampenda kwa kuwa anawagawia nyama. Hata mwanzilishi wa ukoo wa wafalme alijulikana kwanza kwa kazi yake. Basi wazee wa milima ile walijua tangu hapo kwamba mtu hukumbukwa kwa kile alichowapa wenziwe, na si kwa namna alivyokufa tu.

Lipo pingamizi la pili, tena lina nguvu. Wako watakaosema: vita vile vilikuwa vya wakoloni; kuwaimba waliokufa humo ni kuisifu bendera isiyokuwa yetu. Pingamizi hili lina chembe ya haki, nasi hatulidharau. Lakini linachanganya mambo mawili: kusifu vita na kumlilia mtu. Mama aliyempeleka mwanawe hadi njia ya kuteremkia Mombo hakuwa akiipigia bendera saluti. Alikuwa akiagana na mtoto. Tukikataa kumkumbuka mtoto yule kwa sababu bendera haikuwa yetu, tutakuwa tumeipa bendera ile haki ya kuamua nani ni wetu. Vijana wa mizinga walichukuliwa na ukoloni wakiwa hai. Tusiuachie pia wafu wao.

Ni kweli kwamba safari hii majina hayakupotea yote. Katika makaburi ya vita ya Nairobi kuna ukumbusho wa Afrika ya Mashariki wenye majina ya wale wasiokuwa na kaburi, na waliozama na Khedive Ismail wamo. Wanamaji wa Kiingereza waliozama pamoja nao majina yao yako kwenye minara ya kwao Uingereza, katika bandari walizotoka. Hilo ni jambo jema, tena ni hatua mbele kuliko mwaka 1927. Lakini jina juu ya jiwe bila habari ni kama mbegu iliyofungiwa chupani. Haiozi, wala haioti. Wa kuipanda ni fasihi. Na jiwe la Nairobi li mbali sana na kijiji cha mlimani: nani ataongoza safari ya kulirudisha jina hilo nyumbani?

Tunaona kwamba ni shule. Hatusemi hivyo kwa kuipamba makala. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1944 leo ni mzee wa miaka ipatayo 90. Ndiye wa mwisho anayeweza kukumbuka kaka yake alivyoondoka, alivaa nini, wimbo gani uliimbwa, na habari ya kifo ililetwa na nani. Mzee huyo akiondoka, orodha itabaki, lakini hapatakuwapo mtu wa kuitia uhai. Na vita vya kwanza, ambavyo mashahidi wake wote wamekwisha kufa, vimebaki katika yale tu ambayo watoto waliyasikia kwa wazazi. Huko Magamba mtu akiingia msituni ataonyeshwa mapango ambayo husimuliwa kuwa ni ya Wajerumani wa wakati wa vita. Mgeni huonyeshwa shimo. Yafaa aelezwe pia habari za mikono iliyofanya kazi chini ya amri ya Wajerumani hao.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wa Kiswahili na wa historia washirikiane. Darasa moja liende likaulize katika vitongoji vyake, kwa adabu na kwa ruhusa ya wazee. Wasianze kwa kuuliza nani alikuwa shujaa. Waulize nani hakurudi. Waulize alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuondoka, na kazi hiyo ilimwangukia nani baada yake. Kama kuna wimbo wa Kisambaa au wa Kimbugu ulioimbwa wakati ule, waunakili kwa lugha yake kwanza, kisha ndipo waufasiri. Waandike kila kitu pamoja na jina la aliyesimulia. Na pale ambapo wasimuliaji wawili wanapishana, waandike habari zote mbili, wasilazimishe moja. Baada ya hapo, na baada ya hapo tu, wakae watunge.

Na watakapotunga, mwalimu asiwapime kwa vina na mizani peke yake. Awaulize: ubeti huu ungeweza kuwa wa mtu mwingine? Ikiwa jibu ni ndiyo, ubeti haujaiva. Awaulize tena: je, umesema kweli juu ya namna alivyokufa, au umemkopesha kifo kizuri kuliko chake? Hili la pili ni gumu hata kwa watunzi wakongwe. Sisi sote tunapenda kumpa mfu kifo kizuri. Lakini kijana aliyezama kwa dakika mbili hana haja ya kuazimwa upanga. Ana haja ya kuitwa.

Hatudhani kwamba utenzi wa ushujaa umekwisha kazi yake. Nchi itauhitaji daima, maana wako wanaojitokeza, nao lazima watajwe. Tunachodai ni kwamba kando ya utenzi huo usimame utenzi mwingine, wenye sauti ya chini, kwa ajili ya wale ambao vita viliwafika kabla hawajanyanyua mkono: baharia wa Pegasus aliyepigwa na mzinga asioweza kuufikia, mpagazi aliyeanguka njiani na mzigo kichwani, mpiga mizinga wa Afrika ya Mashariki aliyekuwa chini ya sitaha Jumamosi ile. Bahari haina alama pale walipozama. Lugha yetu inaweza kuiweka alama hiyo, na walimu wa milimani wana wazee wachache waliobaki wa kuwasaidia. Waende kwao muhula huu.